Jani la Mringaringa

Asubuhi hii nimechemsha majani ya mkaratusi kwenye debe, hapa uani, na jirani yangu amechungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nimeshikwa na mafua. Nimemjibu ndiyo. Ni uongo mdogo, lakini habari yenyewe ni ndefu na yeye alikuwa na nguo za kuanika. Hapa Katesh, ukichemsha mkaratusi watu wanajua unajifukiza. Kwangu mimi harufu hiyo, hasa ikichanganyika na ya chuma chenye kutu, ni ya ule msimu wa utoto wangu ambao hakuna mtu aliyekuja nyumbani kwetu.

Tulikuwa tunakaa Endasak, upande wa juu, kule mashamba ya mahindi na maharage yanakopanda mlima mpaka yakutane na msitu. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alijifungua mtoto wa kiume alfajiri, na kabla jua halijazama mtoto akawa amefariki. Nakumbuka baba akitoka ndani na shuka jeupe jipya. Alilianza kwa meno, kisha akalichana katikati kwa mikono, na mlio wake ukasikika mpaka zizini. Nusu moja akafungiwa mdogo wangu. Nusu ya pili sikujua imekwenda wapi. Akazikwa nyuma ya zizi, chini ya mringaringa, nami nikaambiwa amerudi kwa Mungu. Nilijiuliza kama ni hivyo alikuja kufanya nini, ila sikuuliza kwa sauti, maana kwetu mtoto hasimuliwi mambo ya msiba.

Jambo jingine ambalo sikusimuliwa lilikuwa metimani. Wa rika langu mliokulia Hanang na Mbulu mnalijua, hata kama mnajifanya hamlijui. Kwa wazee wetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga ilikaa peke yake mpaka wazee waseme imetosha. Haikuombwa moto wala chumvi, haikuazimwa ungo, na ng'ombe wake hawakunywa maji pamoja na ng'ombe wa wengine. Shule tu, kwa kuwa ni ya serikali, haikumkataa mtoto wake. Haikuwa chuki. Watu waliogopa kwamba msiba ukizoea njia utafika na kwao. Padri alikuwa akilikemea jambo hilo, na watu walimsikiliza padri Jumapili, siku sita zilizobaki wakawasikiliza wazee. Kwa hiyo walikuja kuzika, wakaimba vizuri sana, wakanawa mikono wakaondoka. Baada ya hapo njia ya kuja kwetu ikaanza kuota majani.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba wiki ileile watu walipoacha kuja, alikuja mama mdogo Paskalina, na alikuja na debe.

Mama mdogo alikuwa anafundisha ushonaji kwa masista, Mbulu mjini, na huko alikuwa amejifunza kwa mwalimu mmoja mgeni namna ya kutoa picha ya jani kwenye kitambaa. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na debe, vipande vya bomba vyenye kutu, pakiti ya shabu ya kushikiza rangi, chupa ya siki na fungu la kamba za mpira wa baiskeli. Baba alimpokea mizigo getini, akamwambia kwa upole kwamba akiingia ndani hataweza kutoka na kwenda kwa watu mpaka siku ziishe. Mama mdogo akajibu kwamba ruhusa ya kazini ameshaiomba, na kwamba watu wa Endasak hawamjui na yeye hawajui, hakuna atakayemkosa mwenzake. Akaingia.

Mama alikuwa amelala ameangalia ukuta. Alikunywa uji akiinuliwa, akarudi kulala. Siku ya pili nilimsikia mama mdogo akimwambia baba jikoni, "Shemeji, mikono yake ikiendelea kukaa bure hivi, huyu atamfuata mtoto." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nikaelewa vizuri kabisa, kwa sababu nilijua mtoto amekwenda wapi. Tangu siku hiyo nikawa silali vizuri. Nilikuwa naamka naenda kusikiliza kama mama anapumua.

Dawa ya mama mdogo ilikuwa blanketi la viraka. Siyo la viraka vya masalia ya nguo kama waliyoshona bibi zetu, bali la vipande vyenye picha za majani ya mahali tulipo. Alikata mashuka ya zamani ya marekani, akayaloweka kwenye maji ya shabu, akanituma majani. Nilileta ya mkaratusi, ya mgrevilea, ya mnyonyo, ya maharage, mpaka ya kangaga kutoka kule juu msituni. Aliyachovya kwenye siki aliyolowekea misumari yenye kutu, akayapanga juu ya kitambaa, akakunja vyote kuzunguka kipande cha bomba na kukaza kwa kamba ya mpira mpaka kikawa kifurushi kigumu. Vifurushi vikaingia kwenye debe linalochemka, vikakaa humo toka asubuhi mpaka usiku. Kesho yake alivifungua. Unavuta jani, linatoka limeiva kama mboga, na chini yake limebaki jani jingine, la rangi ya kutu au ya machungwa, mishipa yote ipo, hata tundu alilotoboa mdudu lipo. Nilipenda sana kuangalia hapo. Tatizo lilikuwa harufu.

Mkaratusi, siki, kutu na moshi wa kuni mbichi, kutwa nzima, siku baada ya siku. Upepo wa mlimani uliichukua ukaishusha mpaka barabarani. Wavulana wa darasa la tano waliokuwa wakipita kuchunga waliziba pua na kukimbia. Fausta, binti wa jirani tuliyekuwa tunaenda naye shule kila asubuhi, akaacha kunipitia. Nilipomuuliza shuleni alisema mama yake amemkataza kukaribia kwetu. Nikamuuliza kwa nini. Naye hakuwa amesimuliwa kitu, alikuwa mtoto kama mimi, kwa hiyo akafikiri kidogo, akaziba pua.

Basi nikapata jibu. Watu hawaji kwa sababu tunanuka.

Wakati huohuo mama mdogo aliliburuta sanduku la bati la mama mpaka kando ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na vitambaa alivyodarizi mama kabla hajaolewa, ambavyo vilitolewa Krismasi na wakati wa ubatizo tu: maua ya waridi mekundu, tausi wawili wanaotazamana, na kile cha kufunikia redio kilichoandikwa KARIBU MGENI kwa uzi wa kijani. Mama mdogo alisema anataka kuvikata, viingie kwenye blanketi katikati ya majani. Mama aligeuza kichwa kidogo. "Kata," akasema, akageukia ukuta. Mkasi ulipopita kati ya tausi wale wawili nililia kuliko nilivyomlilia mdogo wangu. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu nilimfahamu kwa siku moja, tausi niliwafahamu maisha yangu yote.

Nikapiga hesabu zangu za kitoto. Zamani, mama akiugua, nyumba ilijaa. Wanawake waliingia na kuni na maziwa, wakapiga soga, na mama alicheka hata akiwa na homa. Sasa anaugua kuliko siku zote na hakuna anayekuja. Harufu ikiisha watarudi, na wakirudi mama atainuka. Sikuona kasoro yoyote katika hesabu hiyo. Hata leo nikiitazama, kasoro ni moja tu.

Ilikuwa alasiri. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe majini, maana tulikuwa tunanywesha wa mwisho, wengine wakishaondoka. Mama mdogo alikuwa amepanda kuelekea msituni kutafuta majani. Nikachukua mpini wa jembe, nikauingiza chini ya debe, nikalisukuma. Lilikwenda kwa kishindo. Maji ya rangi ya chai yalizima moto na kutiririka uani, mvuke ukanipiga usoni, na vifurushi vitano vikabingirika kwenye majivu. Niliviburuta kimoja kimoja kwa mti mpaka kwenye lundo la samadi, nikavifukia. Kisha nikafagia uwanja. Nikanawa miguu, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kukaa kwenye jiwe la getini kusubiri wageni.

Alipita Bibi Magdalena, bibi yake Fausta, na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikasimama nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba akiwa mbali, akahamia upande wa pili wa barabara. Nikadhani harufu bado haijaisha vizuri. Nikaendelea kusubiri.

Aliyekuja alitokea nyuma yangu. Nilisikia hatua za kuburuta, nikageuka, nikamwona mama. Alikuwa ameshika ukuta wa nyumba, amejifunga kitenge vibaya, ananitazama. Sikuwa nimemwona nje tangu siku ya msiba. Nikajua mpango wangu umefanikiwa kabla hata wageni hawajafika.

"Kile chenye ukanda mwekundu kiko wapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. Vifurushi vyote vilifungwa kwa mpira mweusi. Kisha nikakumbuka kwamba kimoja, kilichokuwa kidogo kuliko vingine, kilifungwa kwa ukanda wa kanga nyekundu, na kwamba sikuwa nimemwona mama mdogo akikifunga. Mama aliuliza tena. Nikaenda kwenye samadi nikafukua kwa mikono, nikiwa na gauni langu la kanisani. Alikichukua, akakaa chini palepale kwenye tope la rangi ya chai, akakiweka mapajani.

Mama mdogo alirudi akatukuta hivyo. Ndipo nikaelewa, kwa maneno machache waliyosema wao kwa wao, ni kitu gani nimefanya. Siku ile alfajiri mama alikuwa ameinuka peke yake kwa mara ya kwanza. Alikwenda nyuma ya zizi, akachuma jani moja la mringaringa palepale juu ya kaburi. Alilikunjia kwenye ile nusu ya shuka iliyobaki, nusu ambayo haikumfunika mtoto, na ambayo muda wote huo alikuwa ameilalia chini ya mto. Alikiweka kifurushi ndani ya debe kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa jambo la kwanza alilotaka tangu msiba, nami nililifukia kwenye samadi.

Nilisubiri kupigwa. Mama aliniuliza kwa nini nimemwaga debe, nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka watu warudi, kwamba harufu yetu inawafukuza. Walitazamana. Mama mdogo akainamisha kichwa. Mama alinivuta kwa mkono akanikalisha karibu naye kwenye tope.

"Siyo harufu, mwanangu," akasema. "Wanaogopa msiba wetu usiwafuate."

"Utawafuata?"

"Hapana. Lakini waache waogope. Siku zitaisha, watakuja."

Nilikasirika. Nakumbuka hasira ile vizuri kuliko aibu. Nilimkasirikia Fausta na pua yake, na Bibi Magdalena na mzigo wake, na padri ambaye alijua kukemea lakini na yeye hakuja. Mama hakukasirika. Alikuwa anafungua ukanda mwekundu.

Kitambaa hakikuwa kimeiva. Nusu yake ilikuwa imeingia maji ya samadi, ikawa ya kahawia. Katikati, pale jani lilipolala, kulikuwa na doa hafifu lenye umbo la moyo, ambalo ungeweza kudhani ni maji yaliyomwagika yakakauka. Mama mdogo akasema si neno, tutakichemsha upya na jani jingine. Mama akakataa. Alisema kikirudi motoni na hicho kidogo kitapotea. Akaomba sindano.

Uzi wa kudarizia haukuwepo, na dukani hatukuruhusiwa kukanyaga. Mama akafikiri, akasema aletewe kile kitambaa cha redio. Akaanza kufumua KARIBU MGENI. Alianza mwisho, na herufi ya I, akauvuta uzi polepole usikatike, akautia kwenye sindano, akashona mshono wa mnyororo kuzunguka ukingo wa lile doa. Uzi ukiisha anafumua herufi nyingine. Ndani kulikuwa na giza, hivyo kila siku alitoka kukaa kibarazani, na mimi nikitoka shule nilikuta neno limepungua. Siku nilipokuta imebaki KARIBU peke yake, jani lilikuwa limezungukwa lote na alikuwa anaanza mishipa. Alikuwa anakula ugali. Alikuwa amenituma nimkate mama mdogo kucha, kwa sababu zinakwaruza kitambaa, na alicheka alipoona nilivyozikata.

Blanketi lilikamilika kabla ya metimani kwisha. Lilikuwa na mistari ya majani, tausi mmoja huku na mwenzake kule, waridi, na katikati lile jani la kijani kwenye kitambaa chenye doa la samadi. Tulilitandika juu ya blanketi la zamani lililochakaa, tukapitisha sindano sisi watatu. Mshono wangu ulikwenda upogo na haukufumuliwa. Wazee waliposema imetosha, mtu wa kwanza kuja alikuwa Bibi Magdalena. Aliomba kuazima ungo. Mama akamtolea ungo, wakaulizana habari za mashamba, na bibi akalitazama blanketi lililokuwa kwenye kamba. Nilimwamkia kwa sababu nililazimika.

Mwaka mwingine ulipita. Mama yake Fausta akafiwa na kichanga chake. Nyumba yao ikafungwa kama ilivyofungwa yetu, na mimi, nasema kweli, nilifurahi kidogo. Asubuhi moja mama alilikunja blanketi, akaliweka kichwani. Baba alimsimamisha mlangoni, akamkumbusha kwamba siku hazijaisha na kwamba wazee watasema. Mama akajibu kwamba yeye huko ameshafika akarudi, hakuna kitakachomfuata asichokijua. Akapita barabara kuu mchana kweupe, watu wakimwona, akaingia, akakaa mpaka jioni. Alirudi mikono mitupu. Nilipomuuliza blanketi litarudi lini, alisema halijaenda kurudi.

Na kweli halikurudi. Mama yake Fausta aliongeza jani lake, akalipeleka kwa mwingine. Nilisikia limefika Masakta, nilisikia limekaa kwa mwalimu mmoja, kisha sikusikia tena. Nilikua, nikaolewa, nikahamia hapa Katesh, nikalisahau jinsi mtu anavyosahau vitu vya nyumbani.

Majuzi nilijifungua hospitalini, na mtoto wangu hakulia. Hapa mjini hatuna metimani. Watu walikuja wote kwa pamoja, wakajaa mpaka nje, simu ikajaa pole, na baada ya siku tatu kila mtu akarudi kwenye kazi zake, ndivyo inavyotakiwa. Nikajikuta nimeangalia ukuta. Mume wangu anatengeneza uji, anauacha, unapoa.

Alhamisi alifika na bodaboda mama mmoja wa Kibarbaig, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, kaniletea mfuko wa salfeti. Hatufahamiani. Alinisalimia, akasema anatoka Dirma, ameambiwa hapa kuna mama amepoteza mtoto, na kwamba hiki kitu kilikaa kwake na sasa ni zamu yangu. Nikamkaribisha chai. Alikunywa, akaondoka. Ndani ya salfeti kulikuwa na blanketi, zito kuliko nilivyolikumbuka, kwa sababu limeongezwa pande zote. Lina majani ambayo mimi sikuyachuma, yameshonwa na mikono nisiyoijua. La kwake yule mama limezungushiwa shanga nyeupe. Katikati pana doa la samadi, na jani la mringaringa lenye uzi wa kijani uliopauka, na kando yake mshono wa mtoto, uliokwenda upogo.

Nikampigia mama. Alikuwa shambani, nasikia upepo. Hakunipa pole tena, alikuwa ameshanipa. Nikajua ni yeye aliyekuwa akipiga simu huku na huko kulitafuta, maana kabla sijasema kitu aliuliza:

"Linanuka bado?"

Nikaliweka puani. Moshi wa kuni za majiko mengi, maziwa, na chini kabisa, sijui ni kweli au ni mimi, mkaratusi na kutu.

"Linanuka, mama."

"Basi ndilo," akasema. Kisha akaongeza, "Na wewe nenda ukachume jani lako. Ila safari hii usimwage debe."

Nilikwenda jana makaburini, alipozikwa mtoto wangu, nikachuma majani ya mkaratusi, maana ndio mti wa pale. Debe liko motoni tangu asubuhi, na mimi nimekaa kando yake nachochea kuni.